Msumari wa Tatu

Ukumbini mwa kina Creighton, mjini Pictou,
babu yumo ndani ya fremu, ndevu kama theluji ya Februari;
baba kando yake, tai imembana, kidevu juu.
Pembeni, msumari mtupu,
uliopigwa Wendell hajaota hata jino.

Alisomea sheria ili aukwepe.
Miaka kumi na tisa akawatetea wachambuaji wa kambakoche,
ujira ndoo ya kambakoche, na ahadi ya mwezi ujao.
Akajua kwamba hakimu naye hupiga miayo,
na kwamba mjane akinyamaza, haharakishwi.

Koti lake lililolowa alilitundika palepale,
msumarini. Mama akiliona, husonya.

Kisha kiwanda kikafungwa kwa barua ya mistari mitatu.
Wakamjia na viatu vyenye chumvi, wakajaa jikoni.
"Sheria umeitafuta, haipo," akasema mzee Boudreau,
mikono yake ingali inanuka kazi.
"Basi nenda kaitunge."

Akabisha hodi milango elfu mbili.
Wapo waliomkaribisha kwa jina la baba yake;
yupo aliyemfungia mlango
kwa jina hilohilo.

Akashinda kwa kura sitini na moja.
Usiku ule alirudi na baridi mabegani,
akanyoosha mkono gizani, atundike koti.
Likaanguka.

Mama hakuwa amelala.
Msumari ulishapata mwenyewe:
uso wa Wendell nyuma ya kioo,
ukimtazama
kama mdai aliyefika kabla ya tarehe.