Kano la Bega

Wiki ya tatu ya mafunzo, Newala.
Jenereta inakohoa nyuma ya wodi.
Tumemaliza kupimana sisi kwa sisi:
goti la Nampoto, kiwiko changu,
kisigino cha Tabibu Litunu chenye vumbi jekundu.
Leo mgonjwa ni wa kweli.

Bi Somoe Chitanda, mbanguaji wa korosho,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda,
mkono wa kulia haufiki tena kwenye kilemba.
Nampaka jeli. "Baridi hii! Kama ute wa konokono."

Kwenye kioo, kano lina shimo jeusi.
Nimeshaliandaa neno: limekatika.
Mwalimu hanijibu. Anashika kifundo cha mkono wangu,
anakilaza kidogo, kama amiminaye chai asimwage,
na shimo linajaa mwanga, uzi kwa uzi,
ukili mzima.

Kumbe giza lilikuwa la mkono wangu.

Miaka kumi na mmoja ya udaktari:
wangapi niliwaambia limekatika, kwa kupapasa tu?

Bi Somoe anajifuta kwa pindo la kanga.
"Basi nirudi lini kubangua? Wanalipa kwa kilo."
Nageukia kioo.
Kimeganda na picha ya mwisho,
na saa, na tarehe.