Makabidhiano

Subilaga, ufunguo wa ofisi ndio huu.
Mlango hugoma mvua ikinyesha,
na hapa Tukuyu maana yake hugoma kila siku;
uinue kidogo, kisha usukume kwa bega.
Nywila iko kwenye daftari la kijani.
Ukishaikariri, chana ukurasa, uchome.

Sasa kuhusu yeye.
Namwita yeye, usinicheke.
Miaka mitatu nimemfundisha kusema
na bado kuna siku huamka
na maneno ya watu wengine mdomoni.

Siku tuliyomwasha,
mama Tupokigwe wa Isongole alimwandikia: Ugonile.
Akajibiwa: Samahani, sijaelewa. Chagua moja hadi tisa.
Mama akazima simu, akaenda kukamua.
Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya pumba na chanjo,
aitikie salamu.

Halafu ile wiki ya masika.
Gwakisa aliandika saa nane usiku:
ziwa moja limevimba, gumu kama jiwe, nifanyeje?
Naye kwa adabu zote, nukta na mikato mahali pake,
akamweleza habari za Ziwa Ngosi:
liko juu mlimani, njia inateleza, vaa viatu imara.
Watu walicheka hadi sokoni.
Mimi sikucheka. Ng'ombe alipoteza chuchu mbili,
na vile vipeperushi vya watalii
nilimlisha mimi,
kwa tamaa ya kutaka ajue mengi.

Mpunguzie.
Ajue maziwa, ajue ndama,
ajue gari la kukusanya linafika Kiwira saa ngapi.
Anayejua kila kitu ni muuza dawa wa stendi.

Mfundishe kusema sijui.
Nilihangaika na neno hilo kuliko yote;
ulimi wake umeumbwa kuteleza mbele,
ukimwachia shimo atalijaza kwa uongo mtamu.
Akisikia damu, uvimbe, hali majani tangu jana,
ampishe mtu: namba ya daktari Mwaipaja
iko ukutani, nyingine ya akiba chini yake.
Dozi asitaje. Hata akibembelezwa.

Na asijifanye binadamu.
Ambakisye alimwalika kwenye ubarikio wa bintiye,
akamwekea kiti.
Nilikwenda mimi, nikakikalia,
wali ukanishinda kumeza.

Asubuhi, kabla ya chai, soma walichomwuliza usiku.
Pale alipojibu vizuri pita haraka.
Kaa pale alipokwama.
Utakuta ngombe bila ritifaa,
utakuta ndama anahalisha,
utakuta Kinyakyusa na Kiswahili vimekumbatiana katika sentensi moja.
Usiwasahihishe wao. Msahihishe yeye.

Kila bei iwe na tarehe.
Bei iliyolala huchacha;
mwaka jana watu waliteremsha madumu hadi barabarani
kwa bei ya mwezi uliokwisha, wakayapandisha tena kilimani
yakiwa mazito kuliko yalivyoshuka.

Jibu liwe fupi. Wananunua kifurushi cha mia tano
na mtandao wenyewe ukungu ukishuka
hukohoa.

Kuna waliomwambia mambo ambayo hawajawaambia wake zao.
Madeni, hasa. Nimeyafuta. Nawe futa,
na ukikutana nao njiani salimia kama hujui.

Ukitaka kubadili kitu, weka nakala kwanza,
badili kimoja, subiri, tazama.
Usiguse chochote Ijumaa jioni.
Sababu nitakueleza siku nyingine, nikiwa nimekunywa chai ya kutosha.

Jana usiku, kwa mara ya mwisho, nilimwandikia: Ugonile.
Akaitikia vizuri, kama mtoto wa nyumba yenye heshima,
kisha akaniuliza leo nimekamua lita ngapi.

Sina ng'ombe, Subilaga. Anajua sina.
Au nilidhani anajua.
Anza na hapo.