Sufuria ya Oruro

Mwalimu Nemesia hakugusa chaki.
Alibandika sufuria kwenye jiko la gesi,
akatumbukiza viazi vya bibi yake Wilmer,
akasema, "Leo anafundisha huyu."

Maji yalichemka upesi, kwa kelele,
kama mtu mwenye haraka ya kwenda pasipojulikana.
"Vimeiva!" tukapiga makofi.
Akachoma kimoja kwa uma. Kigumu.
Dakika ishirini. Kigumu bado.

"Moto mdogo," Yhoselin alisema.
"Ni vya mwaka jana," Wilmer akaropoka,
kisha akaona haya kwa ajili ya bibi yake.
Mimi nikasema sufuria imelogwa.
Mwalimu aliyaandika yote, na langu,
bila kucheka,
akanipa mimi kipimajoto.

Themanini na saba.
Kitabu kinasema mia.
Tukamgeukia, tukingoja akitetee.

"Kiliandikiwa wapi?" aliuliza,
halafu akanyamaza. Akanyamaza sana.
Akafuta miwani. Akavaa. Akaivua tena.

Mpaka kidole changu, chenyewe,
kikanyooka magharibi, chini ya milima,
kuliko na bahari nisiyoijua.

Viazi tulivila mapumzikoni, kwa chumvi.
Katikati vilikuwa vibichi kidogo.