Mizani Mbili Zilizopungua

Juu ya baa, Todmorden, chumba cha ngazi kali,
viti ishirini na sita, vitatu vina kilema.
Nje mvua ya Novemba haina haraka,
inanyesha kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Hedley Ackroyd ndiye aliyenileta,
tuliyekuwa tukishinda naye chini ya mabasi, gerejini,
mikono ikinuka grisi mpaka Ijumaa.
Miaka kumi na moja, sikujua kuwa anaimba.
"Mlangoni pauni tano," akasema,
"na tikiti ya bahati nasibu. Hiyo si hiari."

Kipaza sauti hakuna. Jukwaa hakuna,
ila zulia limechakaa hapo wanaposimama.

Akaanza yeye, gitaa limemkaa tumboni kama paka.
Wimbo wake mwenyewe, wa kiwanda cha mikate kilichofungwa
na harufu iliyobaki mtaani wiki nzima
baada ya tanuri kuzimwa.
Nami, mtoto wa mama aliyepima maneno kwa vidole,
mkono ukaanza wenyewe kuhesabu chini ya meza:
nane,
kisha sita.
Nane tena. Sita.
Nikasema moyoni, huyu kapunjwa.
Mstari wa pili una kasoro, mizani mbili hazipo;
kwetu angerudishwa nyumbani akautengeneze.

Mapumziko. Namba ya waridi, mia na arobaini na saba.
Yangu.
Pai ya nguruwe, imefungwa utepe.
Chumba kikanitazama, kikaelewa, kikacheka,
nami nikacheka. Hedley akaila palepale,
utepe akaniachia.

Ndipo akasimama Tamsin Greenhalgh wa duka la rangi,
rangi yenyewe bado ipo kwenye kucha.
Wimbo wa koti la baba yake
lililobaki msumarini tangu Machi
kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa.
Ubeti wa tatu, uzi ukakatika.
Hakuomba radhi. Akalilaza gitaa sakafuni
akaendelea na sauti tupu.

Nane.
Sita,
na hapo nikazisikia zile mbili:
kisigino cha mzee fulani kikigusa ubao,
pumzi ya watu wote ikivutwa pamoja,
mvua, kidogo, dirishani.
Kumbe hakuna aliyepunjwa.
Zimeachwa wazi, kama nafasi kwenye benchi
ya mtu ambaye huenda akaja.

Kibwagizo wakakipokea bila kualikwa,
sauti za watu wasiojifanya waimbaji,
mke akipanda, mume akizama,
nami nisiyeyajua maneno nikifuata nyuma kwa pigo moja
kama masbuku aliyeikuta rakaa ya pili,
Mungu anisamehe mfano huu, mahali penyewe hapa.

Saa tano kasoro, kituoni. Treni ya Rochdale imechelewa.
Mama alikuwa akighani huku anapiga pasi,
na kati ya ubeti na ubeti akisema "haya",
si kwa mtu yeyote. Kwa pasi, labda.
Nikaurudia ule mstari mfupi wa koti,
nusu nimeukumbuka, nusu nauvumisha puani,
na nilipofika penye pengo:
haya.

Mfagizi akageuka na ufagio wake,
akadhani namwita.