Mabungo Matatu

Nimeyapasua kwa mchi, kisu butu;
ganda moja limerukia mvunguni mwa kitanda cha mama,
na humo nimeliacha.
Kokwa na nyama zake za manjano ndani ya bakuli,
maji ya mtungi juu yake, kata mbili na kidogo.

Homa imemtoka Bi Mize jana alfajiri.
Daktari kasema: anywe, anywe, anywe.
Chai haitaki. Maji matupu huyatazama
kama mtu aliyekuja kumdai.

Basi navuruga. Navuruga kwa mkono,
kokwa zateleza vidoleni kama vipande vya sabuni,
ukali wake wapanda puani kabla ya kufika ulimini.
Kifumbu nimekiazima kwa Salhina,
chanukia tui la jana; nimekisuuza mara tatu.

Hapa Mtambwe umeme umekatika tangu adhuhuri.
Barafu hakuna.
Sukari vijiko vitatu, chumvi chembe,
hiliki mbili nimezitwanga, nikazitia,
ndipo nikakumbuka maneno yake:
bungo lina harufu yake,
mwalivika nguo za nini?

Nimemwinua. Mgongo wake wote waenea kiganjani mwangu.
Kapiga funda moja. Kafumba jicho.
“Nani kakufunza?”
“Wewe.”
“Mimi? Na hiliki hii?”

Kisha akakishika kikombe kwa mikono yake mwenyewe,
akanywa mpaka mashapo,
akauliza kama yamebaki mabungo.

Yalikuwa matatu tu, mama.
Kesho nitashuka Wete, sokoni.
Hiliki sitii.