Kiwiko

Ramani iliyo ukutani kwangu, ghorofa ya tatu, Barabara ya Moi,
imeliwa na mende upande wa kusini, kule kwenye barafu.
Haidhuru. Hakuna aliyewahi kuniulizia tikiti ya huko.

Aprili, aliingia Bi Echati na mwavuli unaochuruzika,
mapazia ya Istilii kwenye mfuko wa nailoni,
akaweka kidole Ngazija, cha pili akakiweka Mahe:
"Hapa na hapa, mwanangu, ni mwendo wa saa ngapi?"

Nikatoa rula. Ndivyo alivyonifunza Mzee Mutunga:
kompyuta huongopa kavukavu, rula huona haya.
"Kilomita elfu moja na mia tano na ushei," nikasema.
"Ndege ingekata kwa saa mbili na nusu.
Ungekunywa chai, ungesinzia, ungefika."

"Ingekata?"

Aliidaka ile -nge- kama mtu adakaye glasi inayoteleza mezani.

Basi nikasema kweli. Ndege hiyo haimo kwenye orodha yangu.
Iliyomo huinuka Moroni, huupa mgongo upande anaoutaka,
huja bara, hushuka hapa kwetu penye mvua isiyo na chumvi,
humwacha kwenye kiti cha chuma saa kumi na moja nzima,
halafu ndipo humrudisha baharini.
Nikamchorea nyuma ya risiti mkono uliokunjwa.
Bega, Ngazija. Kiganja, Mahe.
Nairobi, kiwiko.

Akaitazama ile risiti mpaka chai yangu ikapoa.
"Shamsia ni pacha wangu. Nilimtangulia kuzaliwa,
lakini kwao jua hutangulia; saa yake imeizidi yangu kwa saa moja.
Miaka kumi na tisa ananipigia simu toka mbele kidogo ya sasa."
Kisha, akifunga mkoba:
"Kama sote lazima tupite kiwikoni,
si tukutane kiwikoni?"

Nikauza tikiti mbili.
Hakuna hata moja iliyokwenda kisiwa cha mwenzake.

Julai, baridi ile inayouma masikio,
chumba cha gesti ya Luthuli hakikuwa tayari, wakaja kwangu.
Shamsia na ndala, vidole vimepauka,
mfuko wa mdalasini begani, harufu imejaa hadi kwenye ngazi.
Hawakukumbatiana kwanza. Walinyoosha mikono
wakalinganisha saa.
Shamsia akairudisha yake nyuma, polepole, kwa ncha ya ukucha,
Echati amemshika kifundo kisitetemeke.

Baadaye, katikati ya mandazi, likazuka:
nani kasafiri zaidi?
Wakanigeukia, pua ile ile mara mbili.
"Pima."

Nikasema rula imepotea.
Ilikuwa mfukoni mwa koti, inanichoma ubavuni,
inaona haya kwa niaba yangu.