Mashine Namba Tatu

Programu inadai, kabla haijakubali kufunguka:
prosesa ya viini viwili, isipungue,
kumbukumbu gigabaiti nne,
kamera, spika, kinasa sauti,
na mtandao wa megabiti moja na nusu kwenda,
nyingine kama hizo kurudi.
Karatasi hii nimeibandika ukutani, naijua kama dua ya safari.
Duka langu liko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Natoa kopi, napiga chapa, navisha vyeti nailoni,
na nina mashine tano, nzima tatu.

Alhamisi, saa tisa, huja Bi Mwanamkuu.
Hugonga kaunta mara mbili kwa pete, ndiyo hodi yake.
Mumewe, Mbelwa, yuko Mtwara kwenye ghala la korosho.
Wote wawili hawasikii tangu utotoni.
Huongea kwa mikono,
na mikono, mwenzangu, ina mbio kuliko bando.

Wiki ya kwanza nilimwekea spika mpya.
Nilijivunia spika zile.
Alizitazama, akanitazama mimi,
akazisogeza pembeni polepole,
kama mgeni anayerudisha sahani asiyoila
mbele ya mwenyeji aliyehangaika kupika.

Wiki ya pili mtandao ulilegea.
Likachomoza lile sanduku la njano, lenye adabu zote:
Muunganisho wako ni dhaifu. Zima picha, endelea kwa sauti.
Aliyeandika hivyo hakukusudia ubaya.
Ila mimi niliyesimama nyuma ya kiti
nilimwona Mbelwa ameganda, kidole kimoja hewani,
neno limekatikia katikati ya kiganja,
na mashine inamshauri mkewe
aufunge mdomo alionao
aongee kwa ule asiopewa.

Tangu hapo nina masharti ambayo karatasi haina.
Kanga niliyotundika nyuma yake ilimeza vidole kwa maua yake;
nikaitoa, nikaweka shuka la buluu lisilo na neno.
Dirisha likiwa mgongoni, anakuwa kivuli; nikageuza meza,
kebo ikanipiga mtama, kikombe cha chai kikaenda.
Kiti kirudi hatua moja: viwiko navyo husema.
Picha kumi na tano kwa sekunde zamtosha mtu wa porojo.
Yeye ataka thelathini,
maana "kesho" yake ikirukwa nusu nukta
hufika Mtwara ikiwa neno jingine,
na ugomvi wa namna hiyo niliushuhudia,
wa mikono mitupu, mkali, bila kelele hata kidogo.

Basi saa tisa ikifika nasimama kama mgambo.
"Shauri, hiyo filamu isimamishe!
Mwinjuma, simu yako kaisasishie kwenu!"
Wananung'unika. Wamelipa, wana haki.
Nachomoa kebo moja, nachomoa ya pili,
nazima hata printa, ambayo haina kosa,
mpaka mtandao wote wa duka,
huu tunaougombania kutwa kama maji ya bomba,
upite kwenye vidole kumi vya mwanamke mmoja.

Juzi mvua ya vuli ilishuka na radi zake.
Picha ikaganda, ikaachia, ikaganda.
Yeye hakuinuka. Hakunigeukia.
Nilikuwa nahesabu kwa saa ya ukutani, kwa aibu ya mfanyabiashara,
na alipomaliza nikamwandikia risiti: dakika kumi na tano,
kwa kuwa nyingine kumi na tano sikumuuzia kitu.
Akachukua kalamu yangu.
Akakata hesabu, akaandika thelathini,
na chini yake, kwa herufi za kukazwa:

Alipoganda pia nilikuwa namtazama.

Akaweka pesa kamili, akagonga kaunta mara mbili,
akafungua mwavuli.